Wa Kushoto Ataambiwa na Mkewe

Baba yangu ni kocha, na mume wangu ni beki wa kushoto kwenye timu yake. Watu wasiotujua wakisikia hivyo hutabasamu. Wanadhani nyumba yetu ni ya raha, kwamba kila Jumatatu tunakaa pamoja kuchambua mechi kwa chai na mahamri. Hawajui jinsi wanaume hawa wawili walivyonizeesha kabla ya wakati wangu.

Tangu nilipoolewa, baba hamsemeshi mume wangu akiwa uwanjani. Wengine wote anawafokea mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Kipa anaulizwa kama mikono yake ameazima, na mshambuliaji, bwana mmoja wa bara aliyekuja kufanya kazi kwenye mabwawa ya chumvi, anaambiwa kila wiki kwamba angekuwa ng'ombe angeshauzwa. Wao hucheka, wakakimbia. Lakini mpira ukifika upande wa kushoto, anapocheza mume wangu, baba hufumba mdomo, akatazama viatu vyake.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya uchumba wetu kujulikana, hakuna aliyefokewa kama yeye. "We kijana, umekuja kucheza ama kutembea?" Hiyo ilikuwa salamu yake ya kila siku. Kisha wazee wa kwao Marafa wakaja nyumbani, wakaketi mkekani, maneno yakaenda vizuri, mahari ikapokelewa. Mechi iliyofuata mume wangu alipoteza mpira mbele ya goli letu wenyewe, karibu tufungwe, na sote tukamgeukia baba tukisubiri moto. Baba akakohoa.

Kwetu mkwe hakemewi. Ukimfokea mbele za watu, umewafokea na wazee wake walioketi mkekani kwako. Na mkwe naye hamwambii baba mkwe kwamba jambo fulani limemshinda, maana amepewa mtoto wa watu kwa imani kwamba hashindwi. Mama yangu ndiye amezidi. Yeye, ambaye alikuwa hakosi mechi hata moja, amekoma kabisa kuja uwanjani kwa sababu hawezi kumwona mkwewe amevaa kaptura. Siku hizi hukaa uani akisikiliza kelele kwa mbali, na goli likiingia ananipigia simu kuuliza ni letu au ni lao.

Mambo haya nayaelewa, nimelelewa nayo, asije mtu akasema nadharau mila. Lakini mpira unachezwa na watu kumi na mmoja. Ikiwa kuna mmoja ambaye kocha hawezi kumwambia kitu, wapinzani watamgundua tu, leo au kesho.

Mimi tangu utotoni ndiye ninayefua jezi na kubeba maji, kwa hiyo siku za mechi mahali pangu ni karibu na benchi. Kumbe nilikuwa nimejiweka mtegoni. Mechi ya pili baada ya harusi, mume wangu alipanda mbele kupita kiasi, nyuma yake pakabaki wazi kama uwanja wa ndege. Baba alihangaika, akaenda, akarudi, mwisho akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshika dumu la maji.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, nimepewa jina la mamake. "Hebu mwambie mwenzio arudi nyuma."

Nilidhani anatania. Macho yake hayakutania hata kidogo. Nikapiga ukelele, "Baba anasema rudi nyuma!" Watu wakaangua kicheko, na mume wangu, badala ya kurudi nyuma, alisimama kabisa akanijibu, "Mwambie baba nimesikia, lakini huku mbele pana nafasi!" Baba akaniambia, "Mwambie nafasi ameiona, ila yeye hajamwona winga wao." Na mimi nikaanza kupiga ukelele tena, na hapo winga wao alikuwa ameshafika kwenye kibendera cha kona.

Basi tangu siku hiyo nikawa mdomo wa watu wawili wazima wenye midomo yao. Baba ana kundi la WhatsApp la timu, na usiku wa kuamkia mechi hutuma ujumbe wa sauti mrefu kumpangia kila mchezaji kazi yake. Amalizapo na kipa, mabeki wa kati na wa kulia, husema kwa sauti ya upole kabisa: "Na wa kushoto ataambiwa na mkewe." Kundi zima linajaa vicheko. Mume wangu yumo kundini, amelala kando yangu, ameusikia ujumbe kama mimi. Kisha ananigeukia, "Haya, baba anasemaje?"

Kuna mechi tuliyocheza na timu moja ya Junju, tukafungwa goli wakati ujumbe uko njiani. Sisemi hivi kwa mzaha. Baba alitaka mume wangu abane ndani, yeye akataka kujua ambane nani, mimi nikarudi kuuliza, na niliporudi na jibu wenzetu walikuwa wanashangilia. Usiku ule kila mmoja alinilaumu mimi. Baba alisema nimechelewesha maneno. Mume wangu alisema sikuyasema vizuri. Nikawaambia wote wawili wakatafute redio.

"Basi mtoe," nilimwambia baba siku nyingine nilipochoka. "Akicheza vibaya mtoe kama unavyowatoa wengine, mambo yaishe."

Alinitazama kama niliyetukana kaburi. "Nimtoe mkwe nje? Mbele za watu? Kesho wazee wake wakiniuliza mtoto wao alikosa nini, nitawajibu nini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila mechi baba alibadilisha wachezaji, na mume wangu hakutolewa hata siku moja, awe amecheza vizuri au amecheza ovyo. Wenzake walimtania kwamba amesajiliwa kwa ndoa, si kwa mpira. Yeye naye hakufurahia, maana mchezaji asiyeweza kutolewa hajui kama anafaa. Lakini kumwambia baba hivyo? Thubutu.

Sasa nieleze kuhusu goti. Mume wangu ni kibarua kwenye mabwawa ya chumvi. Anasukuma toroli lililojaa chumvi mbichi juu ya matuta membamba, na matuta yenyewe yana utelezi. Wiki ya mechi yetu kubwa, ile ya kuamua nani apande daraja, aliteleza na toroli lake, goti likajipinda. Alirudi nyumbani akijikaza kisabuni, akasema si kitu. Nilipomvua soksi, goti lilikuwa limevimba kama embe bivu. Kwetu sisi goti si jambo la mpira tu. Kibarua asiyeweza kusukuma toroli hapewi kazi ya kukaa, anaambiwa aende nyumbani, na nyumbani tulikuwa na mtoto wa kunyonya.

"Mwambie baba huchezi," nikamwambia.

"Nimwambie baba mkwe wangu nimeshindwa? Siku wazee wangu wanakuja kutazama?"

Kweli, wazee wa Marafa walikuwa wanakuja. Wamesikia mtoto wao anacheza mechi kubwa, wakakodi gari. Baba alikuwa ameshaazima viti vya plastiki na turubai la kuwakinga jua.

Nikaona niende mwenyewe. Asubuhi ya mechi nilimkuta baba anapuliza mipira kwa pampu. Nikamwamkia, nikamwambia waziwazi kwamba goti la mume wangu si zima na akicheza ataliumiza kabisa.

"Amesema yeye?" baba akauliza.

"Nasema mimi, nimeliona."

Aliendelea kupampu. "Mwanamume hasemewi, mama. Akisema mwenyewe nitampumzisha. Asiposema nitamtoaje, na watu wake wamekuja?"

Nikaondoka. Huyu anangoja yule aseme, na yule anangoja huyu aone. Na heshima ikiisha kufanya kazi yake, mimi ndiye nitakayebaki na mguu wa kuuguza.

Uwanja wetu uko karibu na mabwawa, udongo wake mgumu, mweupe, ukianguka unachubuka na ukichubuka panawasha. Upepo ulikuwa mkali. Timu ya mjini Malindi ilikuja na basi na jezi mpya, na kocha kijana aliyevaa miwani ya jua, ambaye wachezaji wake wote aliwasemesha bila shida yoyote. Tuliongoza mapema. Mshambuliaji wetu wa bara alifunga kwa kichwa, mama akapiga simu, nikamwambia ni letu. Kisha yule kocha wa miwani akatazama kushoto kwetu, akamwita winga wake, akamnong'oneza. Nilijua anachosema kama vile nimesimama katikati yao.

Kuanzia hapo kila mpira ulikuja kwa mume wangu. Winga alikuwa mwepesi, anampita nje, anampita ndani, na mume wangu anageuka kwa mguu mmoja. Wakasawazisha. Miongoni mwa mashabiki palikuwa na bwana mwingine wa bara, msimamizi wa kibaruani, mtu wa sauti. Hakuweza kuvumilia.

"Kocha, si utoe namba tatu! Huoni anachechemea? Kwani unangoja nini, bana?"

Baba akampa kisogo. Watu wa kwetu waliomzunguka yule bwana wakamvuta shati, wakamnong'oneza, "Yule ni mkwewe." Akawatazama. "Sasa mkwe na mguu vinahusiana aje?" Mimi nilitaka kumbusu.

Wakati wa mapumziko nilidhani baba atafanya jambo. Wachezaji walikaa chini wakisubiri kuambiwa, jasho linawatiririka. Baba alitengeneza kofia yake, akatoka akawapita wote, akaelekea kwenye viti vya plastiki. Kuwaamkia wakwe! Akashika mikono yote, moja moja. Habari za Marafa. Mvua imenyesha? Mahindi je? Yule mgonjwa wenu amepata nafuu? Mzee mmoja akamsifu kwamba mtoto wao anaonekana anatunzwa vizuri, baba akainama kwa shukrani. Timu nzima imeketi bila neno la kocha, na yeye anauliza habari za mbuzi. Refa alipopuliza filimbi ya kurudi, baba alikuja mbio, akasema, "Haya, kazeni," basi. Ndiyo mbinu ya kipindi cha pili.

Mume wangu alikuwa amepandisha soksi mpaka juu ya goti ili baba asione uvimbe. Nilipompa maji nikamwambia, "Baba watoto, sema." Akanywa, akanirudishia chupa. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

Kipindi cha pili hakikufika mbali. Winga alimjia tena, mume wangu akageuka, mguu ukakataa, akaanguka chini peke yake bila kuguswa na mtu. Aliinuka kwa kujiegemeza mikono. Pale kwenye viti mzee mmoja alisimama pia, kisha akaketi. Mpira ulitoka nje, na nilimwona baba anakuja upande wangu.

"Mama. Muulize mwenzio kama anaweza kuendelea."

Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake! Angeweza kunyoosha mkono amguse. Nikakusanya mikono mdomoni maana upepo ulikuwa unavuma na mashabiki wa Malindi wanapiga tarumbeta zao, nikauliza. "Baba anauliza unaweza kuendelea?"

Mume wangu, ameinama, mikono kwenye mapaja, akainua kichwa, akajipiga kifua. "Mwambie naweza! Mwambie sina neno!"

Nikageuka kwa baba. Nikauona ule mguu ukitetemeka ndani ya soksi, nikamwona mtoto wangu kwa shangazi yake kule nyumbani. Hasira ikanipanda, ya siku ile na ya mechi zote zilizopita. Ikiwa mimi ndiye mdomo, basi mdomo utasema.

"Anasema hawezi," nikamwambia baba. "Anaomba ruhusa apumzike, kama hutaona vibaya."

"Amesema yeye?"

"Amesema yeye."

Baba alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Basi na aje," akampungia mkono beki wa akiba avue fulana.

Nikamgeukia mume wangu. "Baba anakushukuru! Anasema umeifanya kazi yako yote, sasa njoo ukae na wazee wako!"

"Baba kasema hivyo?"

"Kasema!"

Alitoka uwanjani polepole, na watu wakapiga makofi. Baba alimpokea mstarini, akampa taulo lake mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye mchezo. "Mwambie nimeshukuru kwa kusema," akaniambia. Mume wangu akaniambia, "Mwambie Mungu amzidishie kwa kuniona." Nilikuwa katikati yao, bega langu moja limegusa la huyu, la pili limegusa la yule.

Tulifungwa. Goli lilipitia kulia, kwa beki anayefokewa kila dakika.

Zahanati walisema kano imevutika lakini haijakatika. Angeendelea kucheza ingekatika, na hapo ni kupelekwa Mombasa kupasuliwa. Mume wangu akawekwa kitandani, mguu juu ya mito, na kila aliyekuja kumjulia hali alihadithiwa jinsi baba mkwe wake alivyo na macho, jinsi alivyomwona bila yeye kusema neno. Upande wa pili baba aliwasimulia watu jinsi mkwe wake alivyo muungwana, amesema ukweli wake bila kiburi. Wazee wa Marafa waliondoka wakisifu pande zote mbili. Mimi nilikanda goti, nikanyamaza.

Siku chache baadaye baba alikuja na papai kumjulia hali. Mume wangu alikuwa amelala usingizi chumbani, baba akaketi barazani, nikampa chai. Nikamweleza maneno ya zahanati, yote, mpaka ile habari ya Mombasa. Alisikiliza huku anazungusha kikombe.

"Siku ile uliniongopea," akasema.

Nikamwongezea chai.

"Nina macho, mama. Mtu anayeomba kutoka hajipigi kifua."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua tangu alipofika uwanjani. Alishuka kwenye pikipiki kwa mguu mmoja."

Nilikaa pale na birika mkononi. Nikamuuliza, na mpaka leo natamani nisingeuliza: "Na ningekuletea jibu lake kama alivyolisema?"

Alikuna kidevu. "Angecheza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka refa apulize." Akaongeza kwa upole, "Ningefanyaje? Mwenyewe kasema anaweza."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia baba yangu wakati ule. Angeuacha mguu ule ukatike mbele ya macho yake, huku ananituma kuuliza kwa adabu. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini kabla sijafungua mdomo sauti ya mume wangu ikatoka chumbani.

"Mama watoto, ni nani?"

"Ni baba. Anakuuliza hali."

"Mwambie naendelea vizuri. Mwambie Jumapili nitacheza."

Jumapili! Goti limefungwa bendeji, chooni anakwenda kwa kunishika bega! Baba akanitazama, akangoja nimfikishie ujumbe, kana kwamba dirisha lile wazi juu ya kichwa chake lilikuwa ukuta.

"Semezaneni wenyewe," nikasema. Nikaweka birika chini, nikatoka uani mpaka njiani, nikasimama nyuma ya ua wa makuti. Nilikuwa nimeamua sirudi. Wakae hivyo mpaka jioni kama wanapenda.

Walikaa. Nilisikia kuku, nikasikia jirani anatwanga, nikasikia kikombe kinawekwa chini. Kisha baba akakohoa kile kikohozi chake, na nikadhani ndiyo basi.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti yake ya uwanjani kabisa, ile anayomfokea kipa. "Jumapili huchezi."

Halafu mume wangu akasema, "Ndiyo, baba."

Na mimi nikaketi pale chini njiani, nikalia kwa hasira.